Mjane wa Geti la Nyuma

Mumewe alipokuja kumposa, wazee walimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu bila kusitasita, "Niko kiwanda cha magodoro, idara ya moto." Wazee wakatazamana, wakaridhika. Walidhani ni zimamoto. Hata bibi harusi mwenyewe, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali, aliamini anaolewa na mtu wa kofia ya chuma na mpira wa maji. Alikuja kuujua ukweli siku alipompelekea chakula kazini akaambiwa azunguke nyuma.

Idara yenyewe ilikuwa shimo. Kila bonge la sponji linapotoka kwenye mashine, refu kama behewa, huwa limevaa ganda gumu pande zote, kama mkate ulioungua. Ganda hilo halifai godoro. Hukatwa, hutupwa. Maganda hayo, pamoja na sponji zilizoharibika katika kuchanganywa, matambara ya gundi na masalia ya kemikali yaliyokwaruzwa chini ya mapipa, vyote vilisukumwa kwa toroli hadi shimoni, na mumewe ndiye aliyekuwa na kiberiti. Alichoma kutwa nzima, kitambaa kimefungwa puani.

"Kumbe wewe si wa kuzima," mkewe alimwambia siku ile, sufuria ingali mkononi. "Wewe ni wa kuwasha."

"Moto ni moto, mke wangu," akajibu, akacheka mpaka akakohoa.

Kila jioni alirudi na harufu ambayo sabuni haikuiweza, tamutamu na yenye kukwaruza koo, kama plastiki iliyopikwa kwa sukari. "Nimekuletea marashi," angesema mlangoni. Mkewe alimsukuma pembeni, lakini binti yao, ambaye hata kusema alikuwa hajajua vizuri, alikimbilia shati lilelile akalikumbatia.

Kikohozi kilianza kwa utani kikaishia kaburini. Binti alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujua herufi. Meneja wa wakati ule, mzee mwenye sauti ya upole, alikuja msibani na wenzake wawili, akakaa kwenye mkeka, akasema marehemu alikuwa mtu wao na kifua ni ugonjwa unaompata yeyote. Hakuna aliyembishia. Wakati wa kuondoka alimwita mjane pembeni.

"Mama, usiache mtoto akalala njaa. Uwe unakuja geti la nyuma kila Ijumaa. Vipande visafi, vile vinavyobaki kwenye kukata magodoro, tutakuwekea. Hutaulizwa kitu."

Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na shahidi. Ilikuwa kauli tu, na yeye aliipokea kwa mikono miwili huku ameinama, maana angefanya nini? Jirani mmoja aliyesikia akanong'ona, "Kufa kufaana." Alinong'ona, lakini si kwa chini kiasi cha kutosha.

Hivyo ndivyo alivyokuja kuitwa Mama Sponji. Vipande alivichambua kwa ukubwa na ugumu, akavishona kuwa mito, matandiko ya viti, vigodoro vya watoto wachanga. Alikuwa na kipaji cha kuviunga hata mtu akilalia asihisi mshono. Baada ya muda wanawake wengine wakaanza kumfuata getini: aliyeachwa, aliyefiwa, aliyeolewa na mlevi. Angeweza kuwafukuza. Badala yake aliwagawia na kuwafundisha. Mmoja wao, mwanamke mfupi mwenye macho ya kucheka, alikuwa na mkono wa kukata mpaka wakamwita Bi Mkasi, na huyo ndiye akawa shoga yake wa kufa na kuzikana. Mlinzi wa geti naye walimpa jina. Kila walipofika, hata geti likiwa wazi, alisema "Subirini." Basi akawa Subiri.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha magunia, kimejaa mpaka darini. Vumbi la sponji lilielea hewani mchana kutwa, likatua kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa, kwenye uji. Binti alilala juu ya magunia.

"Hakuna mtoto mtaa huu mzima anayelala pahali laini kama wewe," mama yake alimwambia. "Hata huyo mwenye kiwanda hana godoro nene hivyo."

Binti alikua juu ya magunia yale, akasoma juu yake, akafaulu mitihani juu yake. Mama Sponji alishona mpaka vidole vikapinda. Alitaka binti awe daktari. Siku binti aliporudi na kusema amechagua kusomea mazingira, mama yake aliachia gurudumu la cherehani.

"Mazingira? Yaani kufagia?"

"Si kufagia, mama. Ni taka za viwandani. Namna ya kuzipunguza, namna ya kuziondoa bila kuua watu."

"Watu gani wameuliwa?"

Binti alimtazama. "Baba alikufa kwa ugonjwa gani, mama?"

"Kifua."

"Kifua cha nini?"

Mama Sponji akaanza tena kushona. Cherehani ile ilikuwa na kelele, na kelele zake zilimfaa mara nyingi.

*

Siku binti alipoajiriwa kiwandani kuwa afisa mazingira, getini palilipuka vigelegele. Wanawake walimzunguka, wakamshika mashavu, wakamwita "Afisa wetu". Bi Mkasi, ambaye binti alimwita mama mdogo, alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Subiri alimfungulia geti bila kusema neno, ikawa habari ya wiki nzima. Mama Sponji alisimama nyuma kidogo, mikono kifuani, akimwona mwanawe akiingia kwa kutembea wima mahali ambapo yeye aliingia kwa kuinama. Alijisikia ametua mzigo aliokuwa ameusahau kama anao.

Binti hakuwa mvivu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa na wakataji na kupanga upya namna ya kukata bonge, ili vipande vinavyobaki viwe vichache. Wakataji walimcheka, kisha wakaona kweli, wakaacha kucheka. Kiwanda kikafurahi. Huko getini magunia yakaanza kusinyaa.

"Siku hizi bonge limekonda?" Bi Mkasi aliuliza Ijumaa moja, akitikisa gunia lililojaa nusu.

"Si bonge," akajibu mwingine. "Ni Afisa wetu amelinyoosha."

Wakacheka. Mama Sponji naye akacheka, lakini usiku ule aliyahesabu magunia yake mara mbili.

Kisha ikaja mashine. Iliingia kwa lori kubwa, imefunikwa turubai, na wiki moja baadaye wanawake waliitwa kwenye kibanda cha bati kando ya geti. Meneja alikuwa mpya sasa, kijana nadhifu anayesema "akina mama" kila baada ya maneno matatu. Binti alisimama kando yake, amevaa ovaroli ya bluu. Akaeleza yeye. Mashine itasaga vipande vyote, itavichanganya na gundi, itavishindilia kuwa magodoro magumu ya bei nafuu. Hakuna kitakachotupwa. Na kwa kuwa mashine italipa, kiwanda kimekubali kuacha kuchoma. Shimo litafukiwa.

Aliposema shimo, alimtazama mama yake.

"Vipande vyote?" Bi Mkasi akauliza. "Pamoja na hivi vyetu?"

Meneja akatabasamu. "Akina mama, bila vile visafi mashine haina chakula. Lakini msiwe na hofu, hatuwaachi. Mashine inahitaji wachambuzi. Nyinyi ndio mtakaochambua, ndani, kwenye kivuli, kwa mshahara. Si bora kuliko kusimama juani?"

Ilisikika vizuri, hata wengine wakapiga makofi. Mama Sponji hakupiga. Alikuwa anamtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa anatazama viatu.

Nyumbani walikula, wakaosha sahani.

"Ungeniambia mimi kwanza," mama akaanza. "Mimi mama yako. Nisisikie kwa yule kijana wa akina mama akina mama."

"Niliambiwa nisiseme mpaka imeamuliwa."

"Kwa hiyo mliamua. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Mama, wanaacha kuchoma! Unajua nimepigania jambo hili tangu siku ya kwanza? Walisema kuacha kuchoma ni hasara. Nikawatafutia njia isiyo hasara. Hiyo ndiyo njia iliyokuwepo. Ningefanyaje?"

"Sijui. Mimi sikusoma."

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyie vipi? Vile vipande ni vya baba yako. Vilitolewa juu ya kaburi lake."

Binti akakaa kitako kwenye gunia, akajishika kichwa. "Baba hakustahili vipande, mama," akasema taratibu. "Alistahili kuishi."

Neno hilo lilimuuma Mama Sponji kuliko tusi. Alichukua kibatari akaingia chumbani.

*

Kabla ya kuajiriwa, wachambuzi walitakiwa kupimwa afya. Wanawake walioga, wakavaa nguo za heri, wakaenda kwa kundi kama waendao harusini. Zahanati ya kiwanda ilikuwa chumba kimoja cheupe chenye harufu ya dawa ya sakafu. Daktari aliwapa bomba la kupuliza, mmoja mmoja, kisha akawapeleka kupigwa picha ya kifua.

Mama Sponji alipuliza. Daktari akasema, "Puliza kwa nguvu, mama." Akapuliza tena. "Kwa nguvu." Akapuliza mpaka akaona nyota, na kishale cha lile bomba kikapanda kidogo kikachoka, kama punda wa mlimani.

Majibu yake yalisomwa ofisini kwa meneja. Binti alikuwepo, amekaa pembeni na faili mapajani, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake kuwepo. Daktari aliinua picha dirishani. Alikuwa mtu mkweli, wala hakusema kwa ubaya. "Mapafu haya yamechoka. Yana makovu. Kumweka kwenye vumbi la sponji ni kumuua. Siwezi kusaini."

"Vumbi la sponji," Mama Sponji akarudia.

"Ndiyo, mama. Lina madhara likivutwa muda mrefu."

Akaanza kucheka. Alicheka kile kicheko kinachowatisha watu, cha tumboni, mpaka kikageuka kikohozi, na daktari akamletea maji. Alipopata pumzi akamgeukia meneja. "Basi sponji yenu ndiyo iliyonila. Mnanitibu?"

Meneja aliweka mikono juu ya meza, mmoja juu ya mwingine. "Pole sana, mama. Kama ungekuwa mfanyakazi wetu kuna bima. Lakini kwa kumbukumbu zilizopo hujawahi kuajiriwa hapa. Ulikuwa unachukua taka kwa hiari yako."

Mama Sponji alimtazama mwanawe. Hakutaka mengi. Alitaka aseme neno moja, lolote, hata "jamani". Binti alifungua mdomo, akaufunga.

Wenzake Mama Sponji walikataliwa karibu wote kwa sababu hiyohiyo. Aliyepita alikuwa msichana aliyejiunga nao mwezi uliopita tu. Nafasi zilizobaki zikajazwa na vijana walioletwa na mkandarasi. Bi Mkasi alivua kilemba pale pale nje ya zahanati, akakikung'uta, akasema, "Haya, wenzangu. Tumepuliza, tumepulizwa." Wakatawanyika. Baada ya hapo getini hapakuwa na mtu wa kuambiwa asubiri, na Subiri mwenyewe alionekana kama aliyefiwa.

Mama Sponji alijaribu kununua sponji mpya dukani ashone kama zamani, lakini kwa bei ile mto mmoja ungefika bei ya kiti. Akafunga cherehani kwa kitambaa. Binti akawa ndiye mwenye kulisha nyumba, na alilisha vizuri. Kila mwisho wa mwezi alijaza kabati, akanunua dawa ya kifua, akamwekea mama yake matunda. Mama yake alikula. Alisema "asante" kama anavyosema mgeni.

Kiwanda kikapata tuzo. Walifanya hafla, wakatandaza mazulia, na Mama Sponji akaalikwa kama mmoja wa wanufaika. Hakutaka kwenda, kisha akaenda, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake. Palipokuwa shimo palipandwa nyasi, pakawekwa mabenchi na mche wa maua. Ukutani palining'inia picha kubwa ya wanawake wa getini, yeye akiwa katikati, gunia kichwani, anacheka. Hakukumbuka ni lini alipigwa picha hiyo. Wageni walizisifu nyasi. Meneja akasimulia safari ya kiwanda kutoka kwenye moshi hadi kwenye hewa safi, akamtaja mkurugenzi, akamtaja afisa mazingira, akamtaja aliyeuza mashine.

Mama Sponji alimvuta binti mkono. "Na baba yako mmemtaja wapi?"

Binti akamshika mama yake kiunoni, wakasimama hivyo, wawili, juu ya nyasi za shimo, huku watu wanapita na soda.

*

Bi Mkasi alikuwa amehamia nje kidogo ya mji, ng'ambo ya machimbo ya kokoto, ambako kodi ilikuwa nafuu. Alikuwa anauza mboga. Mama Sponji alikawia kwenda kumtembelea kwa sababu ya kifua na kwa sababu ya aibu. Alipokwenda hatimaye, walikumbatiana mlangoni, na kabla hata hajakaribishwa kiti akainua pua.

"Hii harufu ya nini?"

"Ah, wachoma matofali hao," Bi Mkasi akasema. "Tumeizoea."

Lakini Mama Sponji alikuwa ameshatoka nje. Aliifuata kama mtu anavyofuata sauti anayoijua. Matanuri ya matofali yalikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, yamepangwa kwenye udongo mwekundu, na moshi uliotoka haukuwa wa kuni. Ulikuwa mweusi na mzito, tamutamu, wenye kukwaruza koo. Kando ya kila tanuri palikuwa na rundo la maganda ya sponji, yale magumu yenye gundi, ambayo mashine haiyawezi, na mapipa yaliyofutwa chapa kwa rangi nyeupe. Wanaume wa matanuri walikuwa wakiyasukuma motoni kwa fito, vitambaa vimefungwa puani.

"Lori linaleta," Bi Mkasi akasema nyuma yake, sauti imeshuka. "Linamwaga bure. Wanashukuru, kuni ziko ghali. Mwenzangu, nilidhani unajua."

Hakuwa anajua. Alirudi nyumbani kwa mguu mzito, na njiani kote aliamua: hatasema. Atasema ili iweje? Binti akijua hatatulia, na asipotulia kabati litakuwa tupu. Alishazika mtu mmoja kwa kiwanda kile. Hakutaka kuzika na mkate.

Binti alikuwa nyumbani tayari. Alikuja kumpokea mama yake mlangoni, akamwinamia kumsalimu, akaganda. Akashika upindo wa nguo ya mama yake, akaunusa. Uso wake ukawa wa mtoto.

"Mama, umetoka wapi?"

"Kwa Bi Mkasi."

"Hii ni harufu ya baba."

"Umeikumbukia wapi? Ulikuwa mdogo."

"Mama. Umetoka wapi?"

Asubuhi walikwenda pamoja. Binti alitembea kati ya matanuri, akapiga picha, akakwaruza rangi nyeupe kwenye pipa mpaka jina la kiwanda likajitokeza. Kisha akaenda kazini moja kwa moja na matope ya pale viatuni. Aliporudi jioni alimsimulia mama yake yote, akiwa amekaa chini sakafuni kama zamani.

"Nimemwambia meneja. Unajua amenijibu nini? 'Wewe ulitaka kiwandani pasichomwe. Hapachomwi. Yakishavuka geti ni ya mkandarasi.' Nikamwambia ripoti yangu inasema hakuna kinachochomwa popote. Akasema ripoti ni nzuri, tusiiharibu."

"Anasema kweli, usiiharibu."

"Mama!"

"Nisikilize, mwanangu. Mimi ni mtu mzima. Mwenye nguvu mpishe. Ukisema, utafukuzwa, na maganda yatapelekwa kwingine. Sasa hivi una kazi. Una jina. Mimi nina dawa. Nyamaza."

Binti akainua kichwa. "Kwa hiyo uliponuna mwaka mzima kwa sababu sikusema pale ofisini, ulitaka nini? Siku ile nilinyamaza, ukanihukumu. Leo unataka ninyamaze."

"Siku ile ulikuwa unaninyamazia mimi," Mama Sponji akasema. Mara alipolitamka akalisikia lilivyo, akatamani kulirudisha. Lakini maneno si mate ya kumezwa. Walilala wamepeana migongo.

Binti alikwenda kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mambo hayo, na picha zake na pipa moja alilolichukua kule matanurini. Wakaguzi walikuja, wakatembea, wakaandika. Kiwanda kikapigwa faini, kikailipa kama mtu anavyolipa maegesho. Mkandarasi akatupiwa lawama zote na kuachishwa. Kikaamriwa kujenga tanuri la kisasa lenye chujio la kusafisha moshi. Kikapewa muda, na muda ulipokwisha kikaongezewa mwingine. Maganda yalirundikwa uani chini ya turubai, juu ya zile nyasi. Binti akafukuzwa kwa kosa la kutoa siri za mwajiri wake. Siku ya kuondoka alisindikizwa mpaka nje na Subiri, na ilikuwa kwa geti la nyuma. Subiri alilifunga kwa upole, akijaribu lisilie.

Mama Sponji alikuwa na hasira na mwanawe majuma mengi. Aliwaambia majirani kwamba elimu ni kitu kizuri ila haijui bei ya unga. Alifungua tena cherehani na kuanza kupunguza nguo za watu na kurekebisha zipu. Dawa alikunywa nusu ili ikae. Binti aliandika maombi ya kazi kila mahali, na kila mahali walishasikia habari zake. Kwenye viwanda habari za namna hiyo hutangulia kama mbwa mbele ya mwenyewe.

Ndipo siku moja mchana akaja mwanamume mlangoni, mrefu, mikono yake myekundu kwa udongo. Alikuwa mmoja wa wachoma matofali. Hakubisha hodi. Alisimama uani akaanza kufoka.

"Yuko wapi huyo aliyesoma? Atoke! Mlikuja kutupiga picha, lori limekatazwa kuja. Kuni hatuziwezi, matanuri yangu mawili yamezima. Nina watoto. Nani kawaambia tunataka hewa? Tulikuomba hewa sisi?"

Binti alitoka, amepauka. Alitaka kueleza, akaanza na kemikali, akaanza na mapafu, na mtu yule akazidi kupandisha sauti, mpaka sauti ikamkatika kwa kikohozi. Alijikunja, mkono ukutani. Alikohoa muda mrefu.

Mama Sponji alikijua kikohozi kile. Si cha homa, si cha baridi. Akaingia ndani akatoka na kigoda na kikombe cha maji.

"Kaa, baba."

"Sikai! Sikuja kukaa."

"Kaa tu. Maneno yako nimeyasikia, na una haki nayo. Huyu mwanangu alininyang'anya na mimi pia, muulize. Lakini hicho kifua kina muda gani?"

Mtu yule alikunywa maji. Alikaa ukingoni mwa kigoda, kama anayetaka kuondoka wakati wowote, akasema ni vumbi la udongo tu. Akasema kinampata yeyote.

Mama Sponji akamgeukia binti. Alimwona vizuri siku ile, pengine kwa mara ya kwanza tangu alipovaa ile ovaroli: mwembamba, macho yamezama, amesimama uani kwake akitukanwa na watu aliotaka kuwaokoa. Akataka kumwambia kwamba alifanya sawa. Ulimi wake, uliojua kusema kila kitu, haukujua hilo.

"Usisimame kama mlingoti," akamwambia. "Mwandikie huyu barua ya kwenda hospitali kubwa, uandike na ameugulia nini. Andika jina la kiwanda. Liandike kwa herufi kubwa."

Binti akaandika. Mtu yule aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni bila kushukuru, akaondoka. Kama alikwenda hospitali au la, hawakujua, maana muda mfupi baadaye walisikia amerudi kijijini kwao na matanuri yake kuchukuliwa na wengine.

Kazi ilipatikana mwishoni, ya kufundisha sayansi kwenye shule ndogo ya mbali, kwa mshahara ambao Mama Sponji alipousikia aliuliza kama ni wa mwezi au wa wiki. Binti hurudi nyumbani mwisho wa muhula. Huketi karibu na cherehani na kusahihisha madaftari, na mama yake, ambaye siku hizi hawezi kufika sokoni bila kupumzika, humuuliza kila mara kama amekula, na humkatalia kila mara anapotaka kumwongezea dawa.

Huko kiwandani kuna afisa mazingira mwingine. Wanasema ni kijana mzuri, hana maneno mengi.